Chanjo ya Dengue Ianzie Maabara

Msafiri wa Afrika Mashariki amezoea chanjo za namna moja. Unakwenda kituo cha afya, unachomwa sindano, unapewa kadi ya njano, unaionyesha uwanja wa ndege, mambo yameisha. Tangu 2016 kadi ya homa ya manjano haiishi muda, sindano moja inatosha maisha yote. Mahujaji nao wanaijua ile ya homa ya uti wa mgongo, ambayo bila hiyo Saudi Arabia haikupokei. Chanjo hizi hazikuulizi umewahi kuugua nini. Chanjo ya homa ya dengue, ambayo pwani iliijua kwa jina la kidingapopo tangu karne ya 19, haiko hivyo. Hiyo ina swali lake la kwanza, nalo ni hili: umewahi kuugua dengue? Jibu ndilo linaloamua kama sindano itakufaa sana, itakufaa kidogo, au utakuwa umecheza bahati nasibu na mwili wako. Hoja yangu ni kwamba msafiri asiye na jibu lenye ushahidi wa maabara asiikimbilie sindano hiyo, na kwamba sisi wa ukanda huu, ambao wengi wetu tungejibu "ndiyo", tumezoea utaratibu wa matibabu unaohakikisha kwamba jibu hilo hatulijui.

Sababu iko kwenye virusi vyenyewe. Dengue haisababishwi na kirusi kimoja bali na vinne vilivyo ndugu, vinavyotajwa kwa namba, aina ya kwanza hadi ya nne. Vyote huenezwa na mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana. Aliyeugua kwa aina ya pili huwa na kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, na kwa miezi michache hulindwa pia dhidi ya zile tatu nyingine. Baada ya hapo ulinzi huo wa ziada hufifia, na kingamwili zilizobaki zinaweza kumgeuka. Zinakitambua kirusi kipya nusunusu: zinakishika lakini haziwezi kukimaliza, na kwa kukishika huko zinakiingiza ndani ya chembe zilezile ambazo kazi yake ni kukila, kikapata mahali pa kuzaliana. Ni mlinzi anayemfungulia mwizi geti kwa sababu amevaa sare anayoifahamu. Ndiyo maana dengue ya mara ya kwanza, pamoja na maumivu yake ya viungo na ya nyuma ya macho, kwa kawaida hupita. Ya mara ya pili ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuvujisha mishipa, kushusha shinikizo la damu na kuua. Daktari wa Kimarekani Scott Halstead aliyaona haya kwa watoto wa Bangkok katika miaka ya 1960, na kwa muda mrefu wapo wanasayansi wenzake waliombishia.

Kuba ilipunguza ubishi huo. Mwaka 1977 kisiwa hicho kilipata mlipuko wa aina ya kwanza. Karibu nusu ya wananchi waliambukizwa, na ukapita bila maafa makubwa. Miaka minne baadaye, 1981, ikaingia aina ya pili. Wagonjwa 344,203 waliandikishwa, zaidi ya 10,000 kati yao wakiwa na ugonjwa mkali, na watu 158 walikufa, wengi wao watoto. Serikali ikawaandama mbu kwa kampeni kali hata dengue ikatoweka kwa miaka mingi, mpaka 1997 aina ya pili ilipozuka tena katika mji wa Santiago de Cuba. Safari hii waliozidiwa walikuwa takribani wote watu wazima, yaani wale wenye umri wa kutosha kuwa waliupitia mlipuko wa 1977. Waliozaliwa baada ya hapo waliambukizwa pia, lakini si wao waliojaza wodi za mahututi. Miaka 20 ilikuwa imepita na kingamwili za zamani zilikuwa bado zinafanya kazi yake, nzuri na mbaya. Kwa msafiri, tukio hilo lina uzito kuliko takwimu yoyote ya uwanja wa ndege, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu huhama na historia yake ya dengue. Aliyeumwa na mbu Ilala au Kisauni akiwa kijana, kisha akahamia Leicester au Berlin, ameondoka nayo.

Kilichofuata ni kwamba chanjo yenyewe inaweza kufanya kazi ya ugonjwa wa kwanza. Hilo lilijulikana kwa gharama kubwa nchini Ufilipino. Aprili 2016 serikali ya huko ilianza kuwachanja wanafunzi kwa Dengvaxia, chanjo ya kampuni ya Sanofi Pasteur, na zaidi ya watoto 800,000 walichomwa. Novemba 2017 kampuni hiyo ikatangaza kwamba uchambuzi mpya wa takwimu zake umeonyesha jambo zito: kwa mtoto ambaye hakuwahi kuambukizwa kabla ya kuchanjwa, chanjo huongeza hatari ya kuugua vibaya pindi atakapokutana na kirusi halisi baadaye. Kwa aliyewahi kuambukizwa, ilimlinda vizuri. Chanjo ileile, sindano ileile, watoto wa darasa moja. Tofauti ilikuwa historia ya damu yao, ambayo hakuna aliyeipima. Mpango ulisimamishwa, wazazi wakaandamana, viongozi wakaburuzwa mahakamani, na mwaka 2019 leseni ya chanjo hiyo ikafutwa kabisa nchini humo. Hasara kubwa zaidi ikawa imani. Mwaka 2015, Wafilipino 93 kati ya 100 waliohojiwa katika utafiti walikubali kwa nguvu kwamba chanjo ni muhimu. Mwaka 2018 walibaki 32. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikakumbwa na mlipuko mkubwa wa surua, ugonjwa ambao chanjo yake haina mgogoro wowote.

Chanjo anayotajiwa msafiri leo ni nyingine, na ni haki kusema kwamba ni bora. Inaitwa Qdenga, imetengenezwa na kampuni ya Takeda ya Japani, na hutolewa dozi mbili zinazoachana miezi mitatu. Indonesia iliiidhinisha kwanza mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ukafuata Desemba mwaka huohuo, na Februari 2024 Brazili ikawa nchi ya kwanza kuitoa bure katika mfumo wa umma, ikianza na watoto wa miaka 10 hadi 14. Ilijaribiwa kwa watoto wapatao 20,000 katika nchi nane za Asia na Amerika ya Kusini na Kati. Katika mwaka wa kwanza ilizuia asilimia 80 ya dengue; baada ya miaka minne na nusu kiwango kilishuka hadi asilimia 61, lakini kwa ugonjwa wa kulazwa hospitali kilibaki asilimia 84. Ni matokeo ya kuheshimika. Tatizo linaonekana unapowatenga watoto ambao hawakuwa wamewahi kuambukizwa. Kwao chanjo ilifanya kazi nzuri dhidi ya aina ya pili, ambayo ndiyo iliyotumika kama msingi wa kuitengenezea, na kazi ya wastani dhidi ya aina ya kwanza. Dhidi ya aina ya tatu haikuonyesha kinga. Kwa aina ya nne wagonjwa walikuwa wachache mno kuweza kuhukumu. Katika nchi zile nane zote hakuna hata moja ya Afrika.

Hapa mpinzani makini ataniwekea takwimu mezani. Atasema: hata kwa watoto hao ambao hawakuwahi kuambukizwa, chanjo ilipunguza kulazwa hospitali kwa takribani asilimia 79, unataka nini zaidi? Ni pingamizi zuri kuliko yote, na silibezi. Lakini asilimia hiyo ni wastani wa aina zote, na wastani huo umebebwa kwa kiasi kikubwa na aina ya pili. Msafiri haumwi na wastani. Anaumwa na mbu mmoja katika mji mmoja wenye aina fulani ya kirusi msimu huo, na kama aina hiyo ni ya tatu, hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba sindano imemsaidia, wala kumhakikishia kwamba haikumweka pabaya. Mtoto wa Brazili ana sababu ya kuukubali mzani huo, kwani ataumwa na mbu hao kila mwaka wa maisha yake. Nchi yake peke yake iliandikisha zaidi ya wagonjwa milioni 6 katika mwaka 2024. Mtalii wa siku 10 hana sababu hiyo. Uwezekano wake wa kuambukizwa ni mdogo, na akiambukizwa itakuwa mara ya kwanza, ile ambayo kwa kawaida hupita. Anayekwenda kufanya kazi miaka mitatu huko Jakarta au anayesafiri mara kwa mara, huyo ni suala lingine, akae na daktari wapime pamoja.

Wenye dhamana wameliona hilo. Kamati ya chanjo ya Ujerumani ilipotoa mwongozo wake mwaka 2023 ilipendekeza Qdenga kwa wasafiri waliokwisha kuugua dengue kwa ushahidi wa maabara, na Uingereza nayo inawaelekeza madaktari wake kwa waliowahi kuambukizwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema faida kwa msafiri asiyewahi kuugua huenda ikawa ndogo kuliko kwa aliyewahi. Sasa tujiulize, katika foleni ya kliniki ya wasafiri mjini London, nani mwenye uwezekano mkubwa wa kukidhi sharti hilo? Hawezi kuwa Mwingereza anayekwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza kupiga mbizi. Ni muuguzi aliyezaliwa Temeke anayerudi kwa harusi ya mdogo wake. Dar es Salaam ilikuwa na mlipuko mkubwa mwaka 2014, uliohusishwa na aina ya pili. Ule wa 2019, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000 waliothibitishwa nchini, ulitawaliwa na aina ya kwanza. Mombasa ilishikwa 2013 na tena 2017, na zaidi ya aina moja ya virusi imewahi kupatikana huko. Mtu aliyeambukizwa katika mlipuko mmoja na kurudi nyumbani katika mwingine yuko kwenye hali ileile ya Wakuba wa 1981. Ni yeye chanjo hii inayemfaa zaidi, na ni yeye ambaye daktari akimuuliza kama amewahi kuugua, atakuna kichwa.

Atakuna kichwa kwa sababu tunajua sote homa inavyotibiwa kwetu. Mtu akichemka mwili, anapimwa malaria. Malaria isipoonekana, anaambiwa ana taifodi, au yutiai, anapewa antibiotiki na kurudi nyumbani. Wiki ikipita anapona, kwa kuwa dengue nyingi hupona zenyewe, na sifa zinakwenda kwa vidonge. Kwenye daftari la kliniki inabaki taifodi ambayo haikuwepo. Wakati wa mlipuko mkubwa vipimo vya dengue hupatikana na magazeti huandika. Mlipuko ukiisha, ugonjwa hubaki ukizunguka kimyakimya bila kuandikwa. Wahudumu wengine wana hoja yao: dengue haina dawa yake mahususi, kwa hiyo kuipima ni kumtoza mgonjwa pesa ya bure. Hoja hiyo haisimami hata ukiiacha chanjo kando. Mgonjwa wa dengue hapaswi kupewa aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, dawa zinazoweza kuchochea kutokwa damu, ilhali diklofenaki ni miongoni mwa dawa zinazokimbiliwa sana kwenye maduka yetu ya dawa mtu akilalamika viungo. Kujua kwamba ni dengue kunabadilisha matibabu siku hiyohiyo: parasetamoli, maji mengi, na macho wazi siku homa inaposhuka, kwa maana hapo ndipo mgonjwa huweza kuporomoka.

Kuna atakayesema kwamba si lazima kupima wakati wa ugonjwa, kwani kingamwili hubaki kwenye damu na zinaweza kutafutwa miaka mingi baadaye, siku mtu anapopanga safari. Zinaweza, lakini kipimo hicho kinachanganya mambo. Virusi vya dengue ni jamaa wa virusi vya homa ya manjano, vya Zika na vya homa ya Nile Magharibi, na kipimo cha kawaida cha kingamwili kinaweza kumchukulia aliyechanjwa homa ya manjano kuwa aliyewahi kuugua dengue. Na nani katika wasafiri wetu hajachanjwa homa ya manjano? Ile kadi tunayoitembeza mfukoni inaweza kuwa ndiyo inayopotosha jibu. Kipimo kinachofanywa katika siku tano za mwanzo za homa, kinachotafuta kirusi chenyewe au protini yake iitwayo NS1, hakina utata wa namna hiyo kwa kiasi hicho. Kwa hiyo karatasi moja ya maabara ya mwaka 2019 ina thamani kuliko uchunguzi wa gharama unaofanywa leo Ulaya. Ni kweli kwamba watu wengi huambukizwa dengue bila kuugua, na karatasi hiyo hawatakuwa nayo kamwe. Kwao itabidi kutegemea kipimo cha kingamwili pamoja na busara ya daktari anayejua cha kuulizia. Lakini kushindwa kuwapata wote si sababu ya kuwapoteza wale waliokuja wenyewe kliniki wakiwa na homa ya nyuzi 39.

Pingamizi jingine linatoka kwa WHO yenyewe, ambayo katika nchi zenye maambukizi makubwa inapendekeza Qdenga kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 bila kuwapima kwanza. Ikiwa hao hawapimwi, kwa nini msafiri asumbuliwe? Kwa sababu pendekezo hilo limejengwa juu ya mahali, na mahali hapo ni pale ambapo watoto wengi wamekwisha kuambukizwa kabla ya kufika darasa la tatu au la nne. Huko historia ya mtaa mzima inatosha kukisia historia ya mtoto. Msafiri hana mtaa wa namna hiyo wa kumsemea. Na hata hapa kwetu nisingethubutu kuhamisha pendekezo hilo kwa pupa: Dar es Salaam si Dodoma, Mombasa si Eldoret, na ni wachache wanaoweza kusema kwa uhakika watoto wangapi wa Kariakoo wana kingamwili za dengue na za aina gani.

Wapo pia wanaochelea kwamba kuizungumza dengue hadharani kutawafukuza watalii. Watalii wanakwenda Thailand na Brazili kwa mamilioni huku dengue ikitangazwa kila msimu. Na kuhusu wale wanaosema mbu washughulikiwe kwanza, sina ugomvi nao. Madumu, matairi na vyungu vya maua vyenye maji vinastahili kumwagwa leo kabla ya kesho, na msafiri akumbuke kwamba chandarua cha usiku hakimzuii mbu wa saa nne asubuhi. Ila kumwaga maji hakuondoi swali la chanjo kwa mtu ambaye damu yake tayari imekutana na aina moja. Tena jawabu la siku zijazo haliko mbali sana: mwishoni mwa 2025 Brazili iliidhinisha chanjo ya dozi moja iliyotengenezwa na taasisi yake ya Butantan, na ingawa katika majaribio iliwakinga hata wengi wasiowahi kuambukizwa, aina ya tatu na ya nne hazikuwa zikizunguka wakati huo, kwa hiyo swali la msafiri bado lipo palepale.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila hospitali ya mkoa na ya kaunti katika ukanda wa pwani iwe na kipimo cha haraka cha dengue mwaka mzima, si wakati wa mlipuko peke yake, na kitumike kwa mgonjwa wa homa ambaye malaria haikuonekana. Majibu yakiwa chanya, yaandikwe kwa tarehe, aina ya kipimo na aina ya kirusi kama imejulikana, na mgonjwa aondoke na nakala yake. Kurasa tupu kwenye kadi ya njano zipo za kutosha kupokea mstari mmoja. Gharama itasumbua, najua, lakini tayari tunalipia antibiotiki zisizohitajika. Walioko ughaibuni nao wawaulize ndugu zao watafute vyeti vya zamani kabla havijatupwa. Wajawazito, wanaonyonyesha na watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na VVU, hawahusiki hata wakiwa na karatasi, kwa kuwa Qdenga ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa wengine, suala ni kalenda. Dengue ipo Jeddah na Makka, ipo Mumbai na Chennai wanakokwenda wagonjwa wetu na wanaowasindikiza, ipo Bangkok kwa wafanyabiashara. Dozi mbili zinadai miezi mitatu. Mkazi wa London mwenye karatasi ya Hospitali ya Amana, Dar es Salaam, ya mwaka 2019 anayenuia Hija mwakani ana muda wa kutosha kuzipata zote mbili. Jirani yake asiye na karatasi, kwa sasa, anunue dawa ya kupaka ya kufukuza mbu na mashati ya mikono mirefu.